Mkono wa Fundi na Bei ya Msumeno

Kisiwa cha Mafia kimo katika Bahari ya Hindi, mkabala wa midomo ya Mto Rufiji, na karibu yake vimo visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Jibondo ni kisiwa cha mawe chenye udongo haba. Kilimo chake si kikubwa, na kwa sababu hiyo watu wake tangu zamani walitafuta riziki baharini, wengine kwa uvuvi na wengine kwa kuunda vyombo. Majahazi na mashua za huko ziliundwa bila ya michoro. Fundi alilaza mkuku, akapandisha mbao, akatia mataruma, kisha akakalafati kwa pamba na mafuta. Kipimo chake kilikuwa jicho, na elimu yake ilikaa mikononi.

Vyombo vyake vya kazi vilikuwa tezo, keekee, randa, patasi na msumeno. Magogo yalipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo na mwenziwe chini yake. Kazi hiyo ilikuwa ya taabu na ya polepole, walakini ilikuwa na rehema moja: msumeno ulisimama mara mkono uliposimama. Aliyejikata aliuguzwa na jamaa zake na kulishwa nao mpaka alipopona. Gharama ya jeraha ilibaki nyumbani kwa aliyeumia, wala hapakuwa na mtu mwingine wa kuidai.

Msumeno wa mviringo uendeshwao kwa injini ulibadili hali hiyo. Meno yake hutokeza juu ya meza na kuzunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, wala hayajui kama yaliyoyagusa ni mti au nyama. Uingereza ilitoa kanuni za mashine za useremala mwaka 1922, nazo zilitaka kinga juu ya meno na kisu nyuma yake cha kuzuia mbao isiubane msumeno. Tanganyika nayo ilipata Sheria ya Viwanda mwaka 1950, ambayo iliagiza sehemu za hatari za mitambo zizibwe. Muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa imetungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Msingi wake ulikuwa wa haki: aliyeumia kazini alipwe na mwajiri wake bila ya kulazimika kuthibitisha kosa la mtu. Hivyo gharama ya jeraha ilianza kutoka nyumbani kwa maskini na kwenda kwa tajiri.

Sheria ile ilizeeka kuliko ilivyostahili. Kiwango chake cha juu cha fidia ya ulemavu kilifikia shilingi 108,000 na kukaa hapo, huku thamani ya fedha hiyo ikiliwa na miaka. Ilipofika 2008 Tanzania ilitunga sheria mpya, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015 kwa michango ya waajiri. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini sheria zote mbili zilimtazama mwajiriwa. Fundi wa vyombo aghalabu huafikiana na mwenye chombo kwa bei ya kazi nzima. Hana mwajiri wa kumchangia, na kidole chake kikikatika huwa amerudi pale pale alipokuwa babu yake.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa katika shauri la namna nyingine. Mwaka 1999 Stephen Gass, mwanasheria aliyesoma fizikia, alibuni kifaa cha kuusimamisha msumeno wa meza. Mkondo mdogo wa umeme hupitishwa katika msumeno. Mwili wa binadamu ukiugusa, mkondo hubadilika, na kipande cha alumini husukumwa katika meno na kuyasimamisha kwa muda wa kama sehemu tano za elfu moja za sekunde. Gass na wenzake wakaanzisha kampuni ya SawStop, na mwaka 2003 waliiomba Tume ya Usalama wa Bidhaa iulazimishe ulinzi wa namna hiyo.

Mwaka 2005 mfanyakazi mmoja wa sakafu za mbao aliumia vibaya mkono kwa msumeno wa Ryobi, ambao bei yake ilikuwa chini ya dola 200. Aliutumia bila ya kinga. Mwaka 2010 baraza la raia katika mahakama ya Boston lilikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa na sehemu ya kosa, hata hivyo likaamua kampuni iliyoutengeneza imlipe dola milioni 1.5, na mahakama ya rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2011. Watengenezaji walisema kwamba kifaa kile kingeufanya msumeno mdogo kuwa mzito na ghali, na kwamba hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, zingewatia wote chini ya kampuni moja. Tume ilitoa pendekezo la amri mwaka 2017 na kulirekebisha mwaka 2023. Mwaka uliofuata SawStop iliahidi kuiachia umma hataza yake moja kubwa endapo amri ingepitishwa.

Hoja ya bei si ya kudharauliwa, na Mafia huonyesha uzito wake. Kifaa kikishafanya kazi mara moja, kipande cha alumini hakifai tena, na msumeno wenyewe aghalabu huharibika. Fundi wa kisiwani angengoja vipuri kutoka ng'ambo. Tena mbao mbichi sana huweza kupitisha umeme na kukidanganya kifaa, na muunda vyombo hutumia mbao zilizo karibu na maji. Msumeno ulio salama ukipanda bei, atakayeshindwa kuununua hataacha kupasua mbao. Atanunua wa rahisi, au atafunga injini chini ya meza aliyoitengeneza mwenyewe.

Walakini ni kosa kusema kwamba msumeno wa rahisi hugharimu kile kilichoandikwa dukani. Sehemu ya bei yake hulipwa baadaye. Katika Boston mahakama ilimtaka mtengenezaji ailipe. Chini ya sheria ya fidia huilipa mwajiri. Katika Jibondo huilipa mkono, na nyuma ya mkono huilipa nyumba ya fundi. Kwa hiyo kabla ya kungoja uvumbuzi ushuke bei, yapo mambo mawili yaliyo karibu: kinga, kisu cha nyuma na kijiti cha kusukumia mbao, ambavyo havihitaji fedha nyingi ila mazoea, na mfuko wa fidia wenye mlango kwa mtu ajiajiriye mwenyewe. Elimu ya kuunda jahazi hukaa mikononi, na mkono uliokatika hauwezi kumfundisha mwanafunzi kama uliokuwa mzima.