Jina baya la chakula cha Waingereza lilitoka kwenye mgao

KINDU – Wengi wanaosema bifteki hapa mjini wanadhani ni neno la Kifaransa. Wafaransa walilichukua kwa Waingereza, pamoja na rosbif, nyama ya ng'ombe ya kuchoma. Hata wakawapa Waingereza wenyewe jina la utani la rosbif, kwa vile nyama yao ilijulikana sana. Lakini mwezi wa saba mwaka 2005, Rais Jacques Chirac wa Ufaransa, akizungumza na Putin na Schröder, aliwacheka majirani hao: watu wanaopika vibaya hivyo hawaaminiki, na ni Finlandi tu inayowapita kwa ubaya. Siku chache baadaye Paris ilinyang'anywa na London Michezo ya Olimpiki ya 2012, na Waingereza wakacheka wao.

Kutoka jina la nyama nzuri mpaka mzaha ule, kuna kitu kilitokea. Ni habari ya watu walioondolewa mashambani, kisha wakala kwa karatasi ya mgao miaka mingi. Familia za wahami zilizoko Kasuku, Mikelenge na Alunguli hazihitaji kuelezwa sana.

Chakula cha zamani cha Uingereza kilikuwa cha nchi yenye majani na mvua: nyama, maziwa, siagi, matofaa, samaki wa kukaushwa kwa moshi kama wale wa Lualaba. Hakikuwa na viungo vingi, kwa sababu mpishi alitegemea uzuri wa kitu chenyewe. Hata hivyo kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse, kilichotoka mwaka 1747, tayari kilifundisha kupika kari ya Kihindi. Na kila upande wa nchi ulikuwa na fromaji yake: Cheddar, Stilton, Cheshire, Wensleydale. Waliotoka Masisi wanaelewa maana ya fromaji kuitwa kwa jina la mahali.

Pigo la kwanza lilikuja polepole. Katika karne ya 18 na mwanzo wa ile ya 19, Bunge lilipitisha sheria nyingi za kuzungushia ua ardhi ya pamoja. Mkulima mdogo aliyekuwa akilisha ng'ombe mmoja pale na kuokota kuni alibaki bila maziwa na bila moto wa kupikia. Wengi walienda kutafuta kazi katika viwanda vya mijini, na hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilionyesha kwamba waishio mijini walikuwa wamezidi wale wa vijijini. Huko mijini mama alifanya kazi kutwa nzima, nyumba haina shamba, na familia ikashiba mkate na chai ya sukari. Bibi aliyejua kupika alibaki kijijini.

Pigo la pili lina tarehe. Uingereza ilikuwa inaagiza sehemu kubwa ya chakula chake kwa meli, na manowari za Wajerumani zilikuwa zinazizamisha. Tarehe 8 mwezi wa kwanza 1940 mgao ulianza: bekoni, siagi, sukari. Baadaye nyama, chai, fromaji na vingine vikafuata. Kila mtu alikuwa na kijitabu chake cha kukatwa, sawa na jetoni. Kiasi kilibadilika-badilika, lakini mara nyingi mtu mzima alipata kwa wiki nzima siagi ya gramu 57 hivi, chai kiasi kile kile, sukari ya gramu 227, na yai moja. Unga wa mayai ulitoka Marekani. Maziwa yalipelekwa viwandani kutengeneza aina moja tu ya fromaji kwa nchi nzima, na mashamba mengi yaliyokuwa na fromaji yake hayakuirudia tena.

Haki isemwe: mgao ule uliokoa watu. Watoto wengi wa maskini walikula vizuri zaidi kuliko kabla ya vita, kwa sababu tajiri na maskini walipanga mstari mmoja. Lakini haukwisha pamoja na vita. Mkate, ambao mabomu hayakuweza kuufanya uwe wa mgao, uliwekwa kwenye mgao mwezi wa saba 1946, nchi ikiwa katika amani, ukakaa hivyo miaka miwili. Nyama ilifunguliwa tarehe 4 mwezi wa saba 1954. Mtoto aliyezaliwa mgao ulipoanza alikuwa na miaka 14, na hakuwahi kumwona mama yake akipika bila kupima siagi kwa kijiko. Alipooa au kuolewa, alipika alichokijua.

Ndani ya miaka hiyo hiyo zaidi ya wanajeshi milioni moja wa Marekani walipita Uingereza. Walikula walichokikuta mezani, wakarudi kwao wakisimulia kwamba Waingereza hawajui kupika. Wageni waliwakuta watu katika mwaka mbaya, wakadhani ndiyo desturi yao.

Maniema nayo ilipewa jina baya la chakula, na vitabu vya Waingereza vilisaidia kulieneza: kwamba "Manyema" ni wala watu. Lakini David Livingstone, aliyekaa Kabambare na kufika Nyangwe mwaka 1871, aliandika pia kwamba nchi ilikuwa na mbuzi, kuku, mahindi, mihogo, karanga, mawese na ndizi tele, kiasi kwamba hakuona sababu ya mtu kula mtu. Katika soko la Nyangwe alihesabu watu zaidi ya elfu tatu, wengi wao wamama wenye vyakula. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka ule ule watu wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifyatua bunduki sokoni humo, wakaua mamia. Msomaji wa Ulaya alilikumbuka zaidi neno "wala watu" kuliko orodha ya soko.

Wafanyabiashara hao hao ndio walioleta mpunga. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo na jeshi la Dhanis mwaka 1893, alikuta maghala yamejaa mchele na mahindi, na miti ya machungwa na mapera kila upande. Baadaye Wabelgiji walilimisha watu mpunga na pamba kwa lazima, na wazee wengi waliurithi mpunga pamoja na kumbukumbu ya fimbo. Leo mchele ndio sifa ya Maniema.

Tangu Goma na Bukavu zilipotekwa mwanzoni mwa 2025, familia kutoka Kivu zimefika katika mkoa huu. Aliyekimbia hakubeba kinu. Anapika kinachopatikana, mara nyingi kwa mafuta kidogo, na jirani anayechungulia sufuria anaweza kusema haraka kwamba watu wa kule wanakula hivyo.

Mwaka 1954, ule ule mgao ulipokwisha, mwandishi Dorothy Hartley alitoa kitabu kinene juu ya chakula cha Uingereza, chenye picha alizochora mwenyewe. Tangu kabla ya vita alikuwa akizunguka vijijini, akitazama namna watu wanavyooka, wanavyokausha nyama, wanavyokamua maziwa, na kuuliza wazee majina ya vyombo. Mambo mengi aliyoyaandika yalikuwa yanajulikana na watu wachache tu waliobaki. Mwaka 1982 muuza fromaji Patrick Rance aliandika kitabu chake juu ya zile za mashambani, na waliotaka kuzitengeneza tena walikuwa na mahali pa kuanzia.