JINA KAPUNI: Watu Waliowapandisha Wageni Milima ya Usambara

Siku hizi ukifungua simu Jumapili jioni, ni kama nusu ya Dar imehamia Lushoto. Huyu kakaa kwenye jabali la Irente, miguu inaning'inia. Yule katembea siku nne mpaka Mtae. Wengine wamekwenda na baiskeli kabisa, wanapanda na kushuka vilima vya Wasambaa huku watoto wa vijijini wakiwakimbilia nyuma. Safi sana. Tunawaonea wivu na laiki tunagonga.

Ila hebu kuza ile picha uangalie pembeni. Kuna mtu pale. Kashika fimbo, raba zimechoka, mgongoni kabeba maji ya watu watatu. Yeye hajatagiwa. Jina kapuni!

Leo basi hatuna udaku wa mastaa. Tuna stori ya huyo wa pembeni, kwa sababu kazi yake hakuianza juzi. Mkoa wa Tanga umekuwa na watu wa kazi hiyo tangu kabla hakujawa na kitu kinaitwa Tanzania.

Picha linaanza Pangani

Pangani unayoijua wewe ni ya kuogelea na kula pweza. Pangani ya karne ya 19 ilikuwa mlango wa bara. Misafara ilitoka pale, ikafuata mto Pangani, ikaiacha Usambara mkono wa kulia, ikapita Upare mpaka Kilimanjaro na mbele zaidi. Kwenda ilibeba nguo, shanga na waya wa shaba. Kurudi ilileta pembe za ndovu, na ilileta watu waliotekwa kuwa watumwa. Hilo la mwisho tusilifunike kwa sababu tu mji una machweo mazuri.

Msafara ulikuwa na mpangilio wake. Mbele kabisa kirangozi, kavaa akavalika, manyoya kichwani, bendera nyekundu ya Sultani mkononi. Huyo ndiye mwenye njia: anajua maji yako wapi, watu gani wana amani na wapi pa kulala. Nyuma yake wapagazi kwa mstari, na wanyapara wa kuwasimamia. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, begani au kichwani, kwa wiki na miezi. Kwa kulinganisha tu, leo Mlima Kilimanjaro mpagazi anatakiwa abebe mwisho kilo 20.

Na sio wote walikuwa huru. Baadhi walijiajiri kwa ujira wao. Wengine walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakirudi ujira unagawanywa na bwana.

Ukitaka kujua watu hawa walivyoingia kwenye maisha yetu, sikiliza tunavyoongea. Posho, ambayo leo unaidai ukienda semina, ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi. Hongo, ambayo leo inakupeleka mahakamani, ilikuwa ada ya kupita iliyolipwa kwa mtawala wa eneo. Maneno yao tunayo mpaka leo. Majina yao ndiyo hatuna.

Wageni wakaja na daftari

Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara. Mwaka 1857 wakaja Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wakipitia Pangani. Kimweri wakati huo alikuwa mzee na mgonjwa, akamwomba Burton dawa. Vitabu vya historia vinawaita watu hawa "wavumbuzi". Sasa jiulize, unavumbuaje njia ambayo mwenzako anakutangulia akikuonyesha pa kukanyaga?

Kuna mmoja aliyeponyoka kwenye kapu. Kwenye safari hiyo ya 1857, katika ngome ya Chogwe karibu na Pangani, Burton na Speke walimkuta askari wa Sultani aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Asili yake Myao, alitekwa utotoni, akauzwa mpaka India, akarudi akiwa huru. Wakaondoka naye. Akatembea nao mpaka maziwa makuu, akaja kufanya kazi na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron. Baadaye Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ikamtambua kwa medali ya fedha na pensheni. Unaona? Jina likiandikwa, hata malipo yanamfuata mtu. Wenzake waliobeba mizigo ileile kwenye safari zilezile waliishia kuandikwa "wapagazi kadhaa".

Mambo yakawa hivyohivyo mpaka kwenye maua. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka misitu ya huku. Mwaka 1893 wanasayansi wakaliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo wake. Leo ua hilo linapamba madirisha ya nyumba dunia nzima. Wenyeji waliokuwa wakilipita kila siku wakienda kuni hawakupata hata herufi moja kwenye jina hilo.

Mtu wa Pangani kule juu

Hii ndiyo inayotuuma watu wa Tanga. Mwaka 1888 Mjerumani Hans Meyer alizunguka Usambara na mwenzake Oscar Baumann. Wakati wa kurudi wakakuta pwani imechafuka, Abushiri bin Salim na watu wake wamesimama kupinga kampuni ya Kijerumani. Wageni wakakamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiwa baada ya kulipa fidia.

Mwaka uliofuata Meyer akarudi, safari hii kwa njia ya Mombasa, na tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wakafika kilele cha Kilimanjaro. Shule tulifundishwa majina hayo mawili. Lakini kitabu cha Meyer mwenyewe kinamtaja mtu wa Pangani, Mwini Amani, aliyekaa kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, akitunza kambi kwenye baridi ile wakati wenzake wanapanda. Mtoto wa pwani, aliyezoea joto la embe na madafu! Ni wangapi Pangani wanamjua?

Miaka 100 baadaye, mwaka 1989, mzee Yohani Lauwo wa Marangu alitambuliwa hadharani kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer. Wapo wanahistoria wanaokubali, wapo wanaopinga. Ubishi hauishi kwa sababu moja rahisi: walioshika kalamu hawakuona haja ya kuandika kila aliyekuwepo.

Reli, vita na Kariakoo

Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mizigo ikapanda treni, na misafara ya njia hii ikafifia. Ungedhani mpagazi sasa kapumzika.

Wapi! Vita Kuu ilipolipuka 1914, mapigano yakiwemo ya hapa Tanga mwezi Novemba, majeshi ya pande zote yalikokota watu kwa wingi kubeba chakula na risasi. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndipo lilipotoka jina Kariakoo. Yaani unaponunua suruali pale, unatamka jina la wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Miaka mia baadaye!

Turudi kwenye picha yako

Miaka ya 1990 Bodi ya Utalii, ikisaidiwa na shirika la Kiholanzi la SNV, ilianzisha programu za utalii wa utamaduni, na Usambara ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Wazo lilikuwa zuri: vijana wa palepale waongoze wageni, na sehemu ya pesa iende kwenye miradi ya vijiji. Ndiyo iliyozaa safari tunazoposti leo. Unatoka Lushoto, unakatiza msitu wa Magamba, unalala Rangwi kwa masista, unapita Mambo, unaishia Mtae ukiitazama Mkomazi chini huko. Kwa miguu au kwa baiskeli, kirangozi yupo. Anajua njia ipi inateleza baada ya mvua na mzee gani asalimiwe kwanza kabla ya kukatiza shamba lake.

Kwa hiyo wadau, kabla hujaanza safari muulize jina lake kamili, usimwite "bro" siku nne. Uliza chakula na malazi yake viko kwenye bei au atajitegemea. Uliza katika hela uliyolipa yeye anabaki na ngapi, maana ukipunguziwa bei na mtu wa kati, mara nyingi anayekatwa ni yeye. Begi lako la vipodozi na spika, libebe mwenyewe. Na ukitupia picha, akikubali, muandike jina na kijiji chake. Jina hilo likisomwa na mtu anayepanga safari, ndiyo kazi yake ya mwezi ujao hiyo.

Mwini Amani tunamjua leo kwa sababu ya mistari michache kwenye kitabu cha mgeni. Sisi tuna simu mkononi na Kiswahili chetu, kipi kinatushinda?

Haya, ukumbi ni wenu. Mliopanda Usambara, aliyewaongoza alikuwa nani? Na wa Pangani, kuna anayejua ukoo wa Mwini Amani? Shusheni stori hapo chini.