AC ya trekta la zamani haipoozi? Soma haya kabla hujajaza gesi

Matrekta mengi ya zamani yenye kebini huletwa yakiwa yametumika, na AC ndiyo huwa ya kwanza kugoma. Jua linawaka, dereva anafungua vioo, vumbi linaingia, na fundi anakuambia: "Gesi imeisha, tujaze." Kabla hujatoa hela, pitia mambo haya.

Gesi haiishi kama dizeli

Gesi ya AC haichomwi. Inazunguka tu ndani ya mabomba, ikichukua joto la kebini na kulitoa nje. Ikipungua, ujue imevuja. Ukijaza bila kuziba, baada ya siku au wiki chache unarudi kwa fundi yule yule.

Kuna hasara nyingine kubwa zaidi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo gesi ikivuja mafuta nayo hutoka. Kompresa ikikaukiwa inakwama, na vipande vyake vya chuma vinasambaa kwenye mfumo mzima. Hapo si kujaza gesi tena, ni kubadilisha vifaa.

Anza na vitu visivyo na gharama

- Kondensa: inafanana na rejeta, na iko mbele ya rejeta au juu ya kebini. Makapi na vumbi vikiziba, AC haipoozi hata gesi ikiwa kamili. Puliza kwa upepo wa wastani ukitokea upande wa pili, usipinde mapezi yake.
- Filta za kebini: zitoe, zisafishe au badilisha.
- Mkanda wa kompresa: ukilegea unateleza. Kaza.
- Klachi ya kompresa: washa AC usikilize mlio wa "tak". Usiposikia, kagua fyuzi na nyaya. Swichi ya presha pia hukata umeme gesi ikiwa chini, ili kulinda kompresa. Usiiruke kwa waya halafu ukaendelea na kazi.
- Valvu ya hita: ikivujisha, maji ya moto ya injini yanaingia kebini na kupambana na AC. Bana mpira wa hita kwa muda. Kebini ikipoa, tatizo umelipata.

Trekta lako linatumia gesi gani?

Matrekta yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990, mfano John Deere 4440, yalitoka kiwandani na gesi ya R12. Gesi hii inaharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioanza kuiondoa sokoni. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010. Badala yake ikaja R134a.

Angalia midomo ya kujazia. Ya R12 ni ya nati, ya R134a ni ya kubana haraka. Lakini trekta lililopita mikono mingi linaweza kuwa na mdomo mpya na mafuta ya zamani, kwa hiyo tafuta pia kibandiko cha gesi na umuulize aliyekuuzia.

Usichanganye gesi hizi mbili. Mafuta ya R12 ni ya madini na hayasafiri vizuri na R134a. Ukihamia R134a, mafuta ya zamani yatolewe na yawekwe ya PAG au esta, badilisha draya na o-ringi, na weka midomo ya R134a. Gesi ya zamani inyonywe kwa mashine, isiachiwe hewani.

Hatua za kujaza

1. Tafuta mvujo. Alama ya mafuta yaliyoshika vumbi kwenye maungio ni dalili nzuri. Fundi ajaze naitrojeni na apake maji ya sabuni. Asitumie oksijeni, wala upepo wa kompresa ya matairi, kwa sababu huo unaingiza unyevu.
2. Ziba, kisha weka draya mpya. Mfumo ukishafunguliwa, draya ya zamani imeshanyonya unyevu.
3. Vuta hewa kwa pampu ya vakyumu dakika 30 hadi 45. Pwani geji itafika karibu inchi 29. Nakuru, takriban mita 1,850 juu ya bahari, itaishia karibu 24, na hilo si kosa la pampu. Funga, subiri nusu saa. Mshale ukirudi, bado kuna mvujo.
4. Jaza kwa kupima uzito kwenye mizani. Kiasi kiko kwenye kibandiko au kitabu cha trekta. Uliyehama kutoka R12, anza na asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa zamani.
5. Injini ikiwa inaunguruma, jaza upande wa presha ndogo tu, geji ya bluu, mtungi ukiwa wima. Ukifungua upande wa geji nyekundu, presha inarudi kwenye mtungi na unaweza kupasuka.

Gesi ikizidi pia ni tatizo: presha inapanda, ubaridi unapungua na kompresa inaumia.

Hatari zisizo na mzaha

Usikubali kuwekewa gesi ya kupikia. Inapooza kweli, lakini ikivuja ndani ya kebini iliyofungwa, cheche moja inatosha kumuua dereva.

Vaa miwani na glavu. R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikigusa jicho au ngozi inagandisha. Usivute sigara wala kuchomelea karibu, kwani gesi ikikutana na moto hutoa sumu. Mtungi usipashwe kwa moto.

Muulize fundi kabla ya kulipa

- Mvujo ulikuwa wapi, na umeuziba vipi?
- Umevuta vakyumu kwa dakika ngapi?
- Umeweka gesi gani, gramu ngapi, na mafuta gani?

Majibu yake yaandike kwenye kibandiko karibu na kompresa. Na hata msimu wa baridi, washa AC dakika chache kila mwezi ili sili ya kompresa ipate mafuta, isikauke na kuanza kuvuja.