Utaridi ni Ipi? Historia Fupi ya Majina ya Sayari katika Kiswahili



Siku moja, katika darasa letu la Kiswahili hapa Burundi, mwanafunzi alisimama na vitabu viwili mkononi, akauliza: “Mwalimu, Utaridi ni sayari iliyo karibu na jua kuliko zote, au ni ile iliyo mbali kuliko zote?” Kitabu kimoja kilisema hivi, cha pili kilisema vile, na vyote viwili vilikuwa vya Kiswahili. Tulimwomba angoje hadi kesho yake. Makala haya ni jawabu tuliloliandaa, nasi twaona yafaa kuwashirikisha wenzetu.

Yatupasa kuanza na maneno ambayo hayakuazimwa popote. Jua, mwezi na nyota ni maneno ya Kibantu. Mwanafunzi wetu anayesema ukwezi kwao nyumbani hapati taabu kuelewa kwa nini Mswahili huita mwezi taa ile ya usiku na pia zile siku 29 au 30 za kuandama kwake. Kadhalika kundi dogo la nyota liitwalo Kilimia limetokana na kulima, ambako kwa Kirundi ni kurima. Wazulu walio mbali kusini huliita isiLimela, kwa shina lile lile. Kwa hiyo wazee wetu waliisoma mbingu kwa ajili ya jembe, na wahenga wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Nyota za Kilimia hazitengani. Kila mwaka huonekana zimekaa vile vile. Lakini watazamaji wa kale waliona mianga mitano isiyotulia mahali pamoja, inayohama polepole miongoni mwa nyota nyingine. Waarabu waliiita kwa neno lenye maana ya kwenda, na neno hilo likatufikia kwa njia ya bahari, pamoja na biashara na elimu ya dini, likawa sayari. Majina ya hizo tano yalikuja kwa njia hiyo hiyo. Utaridi hulizunguka jua kwa siku 88. Zuhura, ing’aayo kuliko nyota zote, huonekana ama alfajiri ama jioni. Mirihi ina rangi ya wekundu. Mshtarii ndiyo kubwa kuliko zote, nayo humaliza mzunguko wake kwa miaka 12 hivi. Zohali huchukua zaidi ya miaka 29.

Njia ya sayari hizo angani iligawanywa katika sehemu kumi na mbili, nazo huitwa buruji. Miongoni mwake mna Saratani, yaani kaa. Sumbula, yaani shuke la nafaka. Na Kausi, yaani upinde. Mabaharia waliozitazama nyota ili wasipotee, na waganga waliopiga falaki ili kutabiri mambo, walijua kwamba buruji ni kituo, na sayari ni msafiri apitaye kituoni. Mshtarii, kwa mfano, hukaa kiasi cha mwaka mmoja katika kila buruji.

Kisha ikaja darubini. Mwaka 1781, William Herschel aliigundua Uranus huko Uingereza. Mwaka 1846, Johann Galle wa Berlin aliiona Neptuni karibu na mahali palipoonyeshwa na hesabu za Mfaransa Urbain Le Verrier. Mwaka 1930, Clyde Tombaugh wa Marekani aliigundua Pluto. Hapa ndipo penye ufunguo wa swali la mwanafunzi wetu. Kitu kisichojulikana kwa mtu yeyote hakiwezi kuwa na jina la kale. Lugha yetu ilikuwa na majina matano kwa sababu macho yalitambua sayari tano.

Baadaye, Kiswahili kilipokuwa lugha ya vitabu vya shule, waandishi walihitaji majina tisa. Badala ya kuyaacha yale matano mahali pake na kuongeza matatu (kwani Dunia tayari ilikuwa na lake), baadhi yao waliyachanganya. Mshtarii ikaitwa Sumbula, Zohali ikaitwa Sarateni, Neptuni ikapewa jina la Kausi. Huku ni kumwita mgeni kwa jina la nyumba aliyolala. Utaridi, jirani wa jua tangu zamani, ikahamishiwa kwa Pluto. Mahali pake pakawekwa Zebaki, ambayo ni madini ya majimaji mazito. Yaelekea sababu ni kwamba kwa Kiingereza madini hayo na sayari hiyo vina jina moja.

Labda msomaji atasema: lugha ni mapatano, tukipatana kwamba Sumbula ni sayari, itakuwa sayari. Ni kweli, na maneno mengi yamehama hivyo. Walakini hapa mapatano hayakufikiwa. Vitabu vinapingana, na atakayelipa ni mwanafunzi. Mtoto wa pwani huenda akamwuliza babu yake. Wanafunzi wetu wa Burundi, wa Rwanda na wa Kongo ya ndani, ambao wengi wao hukutana na Kiswahili sanifu darasani, hutegemea kitabu na mwalimu. Vitabu vikigombana, naye mwalimu akanyamaza, watasema Kiswahili hakifai kwa sayansi, hali kosa si la Kiswahili.

Tangu mwaka 2006, wanafalaki wa kimataifa hawaihesabu Pluto miongoni mwa sayari kubwa, nazo zimebaki nane. Jambo hilo latupa nafasi njema. Tufundishe hivi: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni. Mbili za mwisho zibaki na majina ya kimataifa, kwa kuwa ugunduzi wake ni wa juzi. Majina yale mengine tusiyafiche, maana mwanafunzi atayakuta vitabuni. Tumweleze yametoka wapi.

Kesho yake tulimjibu mwanafunzi wetu kwamba Utaridi ndiyo iliyo karibu na jua, tukamweleza na sababu. Akatazama kitabu chake cha pili, akauliza kama aruhusiwa kukisahihisha kwa kalamu. Tulimwambia aandike pembeni, kwa penseli, asifute kitu, ili atakayekisoma baada yake aone majina yote mawili.