Mzigo wa Kilo 38

Watu husema moyo wa mtu ni kichaka. Mimi niliuamini msemo huo siku mama wa mwenzetu mmoja aliporudi hospitali kwa mara ya tatu. Usiku moyo unamwenda mbio, pumzi zinambana, anakaa kitandani kashika kifua. Asubuhi akifika kwa daktari anapimwa, karatasi inatoka safi kabisa. "Mama, punguza mawazo," anaambiwa, na nauli ndiyo imeshakwenda.

Tulikuwa wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho, fani ya elektroniki, na chuo kilikuwa kinatudai mradi. Jamaa yetu akasema, "Tutengeneze kitu cha kumvalisha maza, kimpime akiwa nyumbani." Basi tukajiona wagunduzi. Kumbe njia ile ilikuwa imeshafyekwa zamani! Niliyajua haya kwa sababu mwalimu alitaka ripoti iwe na sura ya historia, na kura ya kuiandika ikaniangukia mimi. Wenzangu waliiona kama kazi ya kujaza kurasa.

Nilianzia Uholanzi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Leiden, Willem Einthoven alitengeneza mashine ya kusoma umeme wa moyo kwa uzi mwembamba sana uliopita katikati ya sumaku. Umeme huo ukifika kwenye ngozi hubaki kama sehemu moja ya elfu ya volti, ndiyo maana uzi ulipaswa kuwa mwepesi ndipo utikisike. Mashine yenyewe sasa! Kilo 270 hivi, watu watano wa kuiendesha, na mgonjwa katumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Kwa kuwa haikubebeka kupelekwa hospitali, mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kuyaleta mapigo ya wagonjwa hadi maabara yake, umbali wa kilometa moja na nusu. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, mgonjwa bado alipimwa akiwa ameketi, katulia. Moyo wa mama yetu ulikuwa hausemi kitu ukitulia.

Aliyechoshwa na hali hiyo wala hakuwa daktari. Norman Holter alikuwa mwanafizikia wa Helena, mji mdogo katika jimbo la Montana, Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza mawimbi ya bahari kwa ajili ya jeshi la majini, na mwaka 1946 alishiriki kupima mawimbi kwenye majaribio ya mabomu ya nyuklia kule Bikini. Aliporudi nyumbani akageukia mawimbi ya mwilini. Yeye alitaka kuujua moyo wa mtu aliye kwenye shughuli zake. Mwaka 1947 akajitwika mgongoni mtambo wa redio wa kurusha mapigo yake mwenyewe, akapanda baiskeli isiyosogea, akakanyaga. Mzigo ule ulikuwa kilo 38. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Mwisho wa mwaka huohuo transista ilizaliwa katika maabara za Bell. Ilipochukua nafasi ya valvu, mzigo wa Holter ukaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Lakini redio ilikuwa na kasoro yake: mgonjwa akienda mbali na kipokezi, habari zinapotea. Holter akaamua mapigo yanaswe kwenye kanda ndogo anayotembea nayo mgonjwa mwenyewe, halafu mashine nyingine iisome kwa kasi. Mwaka 1961 aliieleza njia hiyo katika jarida la Science.

Niliposoma hapo nikaruka kitini. Sisi mkanda wetu ulirusha mapigo kwa Bluetooth hadi kwenye simu. Wiki ya kwanza tulishangilia mawimbi mazuri kwenye kioo, kumbe ni umeme wa ukutani, mizunguko 50 kwa sekunde, unaoingia kupitia nyaya zetu. Tukalimaliza hilo. Wiki ya pili mama akaacha simu kwenye chaji, akaenda sokoni, na asubuhi nzima ikapotea. Kasoro ileile ya Helena! Nikawaambia washikaji, "Jibu ni la mwaka 1961." Tukatia kadi ya kumbukumbu kwenye mkanda.

Wala usidhani hadithi hii ni ya nchi za mbali peke yake. Kweli, Finland mwaka 1982 kampuni ya Polar, iliyoanzishwa na Seppo Säynäjäkangas wa Chuo Kikuu cha Oulu, ilitoa kipimo cha mapigo kisicho na waya kwa wanamichezo. Lakini Kamerun nako Arthur Zang, aliyesomea uhandisi Yaoundé, alitengeneza Cardiopad, kompyuta bapa inayopokea umeme wa moyo bila waya na kuutuma kwa mtandao wa simu hadi kwa bingwa aliye mjini. Mwaka 2016 alipata tuzo ya Afrika ya uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Usiku wa nne kadi yetu ilinasa kitu. Saa tisa usiku mistari ilisongamana kama watu wanaogombea daladala. Tulimpelekea daktari. Akatazama, akatutazama. "Vijana, hiki siyo kipimo cha hospitali," akasema. Mioyo yetu ikashuka. Akaangalia tena ile saa, akachukua kalamu, akaandika kwenye fomu: Holter, saa 24.

Safari hii kipimo kilimkuta akiwa kwake, kitandani kwake, na kikaona. Leo anatumia dawa. Mradi wetu ulipata alama za kawaida tu, na mwalimu alisema sura ya historia ni ndefu mno.

Siku ya kuvalishwa mama aliniuliza, "Mwanangu, huyo Holter ndiye nani?"

"Ni mzee mmoja, mama, aliyebeba kilo 38 mgongoni juu ya baiskeli isiyokwenda popote."

Akacheka hadi muuguzi akamwomba atulie, nyaya zisije zikabanduka.