Gari la Turubai

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Usemi huo ulinijia asubuhi moja nyumbani kwetu Dutwa, wilayani Bariadi, pale mgeni kutoka Arusha alipoinama chini ya gari la marehemu baba, akagonga chasisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza mlio wake kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Kisha aliinuka, akajifuta mikono, akataja bei. Bei hiyo ilizidi thamani ya ng'ombe wote waliokuwamo zizini mwetu.

Gari lenyewe ni Land Rover ya mwaka 1964, ile ndefu, isiyo na paa ila turubai lililotandazwa juu ya vyuma. Ukitaka, unalivua turubai, unalaza kioo cha mbele juu ya boneti, na upepo wote wa mbuga ni wako. Mgeni huyo, dalali wa magari ya kale, alisema litafunguliwa nati kwa nati, linyooshwe bodi, lipigwe rangi kama ile ya kiwandani, lishonewe turubai jipya, halafu liuzwe kwa wakusanyaji. Hao ni watu wanaonunua magari ya zamani si kwa ajili ya safari, bali kwa ajili ya kuwa nayo.

Ndugu msomaji, usicheke. Biashara hiyo ni kubwa. Mwaka 2022 Mercedes-Benz moja iliyoundwa mwaka 1955 iliuzwa Ujerumani kwa yuro milioni 135. Tangu mwaka 2003 magari ya kale yamekuwa na mashindano yake ya mbio katika Afrika Mashariki, kukumbuka Safari Rally iliyoanza mwaka 1953. Watengenezaji wa Land Rover nao walianza mwaka 2016 kuyafufua magari yao ya awali na kuwauzia wapenzi wake. Na Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha kubwa. Kumbe lile tulilolifanya kiota cha kuku lilikuwa lulu.

Gari la wazi lina historia ndefu katika nchi yetu. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akafika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Karibu miezi 21! Baadaye gari likawa kiti cha enzi. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam inayo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni na kisha na Mwalimu Nyerere. Nilipoisimamia niliona uso wangu katika rangi yake, nikarudi nyuma hatua moja. Ni gari linalokuambia ukae mbali.

Land Rover haikuzaliwa kwa fahari. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948 mjini Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu. Shida hiyo ya Waingereza ikawa bahati yetu, kwa sababu aluminiamu haili kutu kama bati. Chasisi yake, hata hivyo, ni ya chuma, na ndiyo maana dalali alianza na nyundo.

Huku Usukumani gari lilifuata pamba. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapitia Malampaka, Maswa, lakini sisi wa Bariadi tulibaki mbali nayo. Mwaka 1955 wakulima chini ya Paul Bomani waliunda shirikisho la vyama vyao, Victoria Federation. Katika miaka hiyo hiyo TANU ilikuwa imepigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa, hadi mwaka 1958, na chama cha ushirika kikawa mahali ambapo mkulima alijifunza kupiga kura na kuhoji mizani. Mabwana shamba na watu wa ushirika walikuja kwa Land Rover. Mtoto aliyeona vumbi lake alijua msimu umeanza.

Uhuru ulipokuja, likazuka neno jipya: Wabenzi, yaani wakubwa waliojulikana kwa magari yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawabana viongozi, na gari la anasa likawa kitu cha kuonea aibu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mwaka uliofuata baba, fundi asiye na cheti, alinunua mnadani gari bovu lililoachwa kwenye majani. Alilitengeneza kwa miezi minane. Spea alizipata kwa kuchonga.

Hakuna aliyemwita baba Mbenzi, maana gari lile lilikuwa la kila mtu. Lilibeba mbegu, maharusi, maiti na mbuzi, wakati mwingine kwa safari moja. Katika miaka ile ya uhaba wa mafuta, ilikatazwa kuendesha magari ya binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jumapili moja ya masika, saa kumi, shangazi alishikwa na uchungu. Baba aliwasha gari. Askari alitusimamisha njiani, akainua turubai kuona tumebeba nini, akalishusha upesi, akatembea mbele yetu katika matope kutuonyesha palipo pagumu. Mtoto hakungoja hospitali. Alizaliwa nyuma ya kiti cha dereva, akapewa jina la mvua.

Basi siku ya kujadili bei tulikaa chini ya mwembe, watoto wa baba, mama na binamu yangu huyo wa mvua. Kaka alitaka tuuze. Mimi nilikataa. Nilisema wakilinyoosha bodi watafuta alama ya pembe ya ng'ombe mlangoni, na mkwaruzo wa machela, na sahani ya bati aliyoichonga baba kuziba sakafu. Litang'aa, lakini litakuwa la nani? Nilimgeukia binamu, nikitegemea aniunge mkono.

Akasema, "Kaka, mimi nilizaliwa humo, lakini sikuishi humo. Kuku ndio wanaoishi humo."

Mama alicheka kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, baba yako alilikuta limetupwa na wenyewe. Hakuwauliza waliolipanda kabla yake. Alilitengeneza. Sasa amekuja mwingine anayetaka kulitengeneza, wewe unataka lioze ili ulikumbuke?"

Sikuwa na jibu. Tuliuza. Sehemu ya fedha ilichimba kisima, na sehemu ilimsomesha mjukuu.

Siku ya kulichukua, dalali aliomba kadi ya gari na karatasi zozote za zamani. Alisema wakusanyaji hulipa zaidi gari lenye historia. Nikaingia ndani, nikaandika kurasa nne: ushirika, mnada, miezi minane, pembe ya ng'ombe, Jumapili ile. Nikamwomba jambo moja tu, ile sahani ya bati isitolewe. Alizisoma kurasa zote amesimama, akazikunja, akaziweka pamoja na kadi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Gari lilipanda juu ya lori, turubai limekunjwa, likaelekea Lamadi kwa barabara ya lami ambayo baba hakuiona. Kuku walizunguka pale lilipokuwa, wakitafuta kivuli chao.