Amplifaya za Gitaa Zilizotenganishwa
Katika miaka ya 1980, wapigaji gitaa wa studio za Los Angeles, ambao kazi yao iliwalazimu kutoa sauti za kila namna, walivitenga viungo viwili ambavyo tangu zamani vilikaa katika kasha moja: priampu, inayoyapokea mawimbi dhaifu ya nyuzi na kuyapa tabia, na pawaampu, inayoyazidishia nguvu hata yakaitikisa spika. Viliwekwa katika fremu ya chuma ya inchi 19, na fundi Bob Bradshaw akawaundia wengi wao mitambo ya kuvitawala kwa mguu; kisha mwaka 1987 ikadhihiri priampu ya ADA MP-1, yenye kuhifadhi mipangilio 128 ya sauti. Faida iliyo bora ya utengano huo, kwa rai yangu, ni kwamba mwangwi uliotiwa baina ya viwili hivyo, baada ya priampu kukwaruza sauti, ulibaki safi.